Nani alianza vita vya Georgia mwaka 2008, na je, hilo linatosha kuihalalisha Urusi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa tatu, kwetu ni Bukoba. Bwenini tumebishana sana kuhusu vita vya Urusi na Georgia vya Agosti 2008. Wenzangu wanasema hata ripoti ya Umoja wa Ulaya ilikiri kwamba Georgia ndiyo iliyoanza, kwa hiyo Urusi ilikuwa inajihami na kuwalinda raia wake, na aliyeanza ugomvi hana haki ya kulia. Wengine wanasema yote yalikuwa mtego wa Moscow. Nilipompigia simu babu yangu, aliyekuwa mwanamgambo katika vita vya Kagera, akaniambia: kama Nyerere alikuwa na haki ya kumfuata Amin hadi Kampala, basi Urusi nayo ilikuwa na haki. Nani yuko sahihi? Na kama Urusi ilikosea, mbona hakuna aliyeadhibiwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na babu mfikishie salamu zangu za heshima. Swali lake ndilo gumu kuliko yote uliyoniletea, nami nitalifikia. Kwanza tuyaweke sawa yaliyotokea, kwa kuwa ubishi wenu umekwama palepale unapokwama ubishi wa watu wazima: kila upande umeshika kipande cha ukweli na kukitumia kufunika kipande cha mwenzake.

Wenzako wako sahihi katika hili: mashambulizi makubwa ya usiku ule yalianzishwa na Georgia. Saa moja jioni ya tarehe 7 Agosti 2008, Rais Mikheil Saakashvili alitangaza kwenye televisheni kwamba majeshi yake yanasitisha mapigano kwa upande wao. Ilipofika kama saa tano na nusu usiku, mizinga na roketi zake zilianza kuupiga mji wa Tskhinvali, makao makuu ya Ossetia Kusini, jimbo la Georgia lililotaka kujitenga. Usiku uleule Jenerali Mamuka Kurashvili, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha Georgia cha kulinda amani katika eneo hilo, alisema mbele ya kamera kwamba imeamuliwa kurejesha utawala wa kikatiba katika jimbo lile. Baadaye wakubwa wake walidai hakutumwa kusema hivyo. Lakini alikwisha kusema, na kauli ile haikufanana hata kidogo na kauli ya nchi iliyovamiwa.

Roketi zenyewe zilikuwa za Grad. Babu yako atakueleza, maana silaha ya ukoo huo ilitumika vita vya Kagera na watu wakaipa jina la saba saba. Ni mirija 40 juu ya lori, inamwaga roketi zake zote ndani ya nusu dakika, na hakuna hata moja inayoongozwa baada ya kufyatuliwa. Ukiitumia kwenye uwanda walipo wanajeshi, ni silaha ya kivita. Ukiielekeza usiku kwenye mji wenye maghorofa ya familia, watu wakiwa wamelala au wamejificha kwenye vyumba vya chini, umeshakubali kwamba utaua raia. Mtu anayeitetea Georgia akaruka usiku wa Tskhinvali hajaitendea haki hoja yake, wala hajawatendea haki Waossetia waliofia pale.

Sasa hiyo ripoti. Desemba 2008 Baraza la Umoja wa Ulaya liliunda tume ya uchunguzi chini ya Heidi Tagliavini, mwanadiplomasia wa Uswisi aliyewahi kuongoza ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Georgia. Ripoti ilitoka tarehe 30 Septemba 2009, majuzuu matatu. Wanaoinukuu wengi wamesoma sentensi moja tu: kwamba uhasama wa wazi ulianza kwa operesheni kubwa ya kijeshi ya Georgia dhidi ya Tskhinvali, na kwamba operesheni hiyo haikuwa na uhalali katika sheria ya kimataifa. Ni kweli imeandikwa. Iliandikwa pia kwamba dai la Georgia kuwa jeshi kubwa la Urusi lilikuwa tayari limeingia kabla ya tarehe 8 halikupata ushahidi wa kutosha, ingawa tume ilikiri kwamba wapiganaji wa kujitolea na baadhi ya askari wa Urusi ambao hawakuwa walinda amani walikuwemo mle mapema.

Wanaoinukuu hawafiki kwenye kurasa zinazofuata. Tume hiyohiyo ilisema mashambulizi yale yalikuwa kilele cha uchokozi wa muda mrefu. Ilisema kama walinda amani wa Urusi walishambuliwa, Urusi ilikuwa na haki ya kuwakinga kwa nguvu inayolingana na shambulio lenyewe. Halafu ikasema kwamba sehemu kubwa ya yale yaliyofuata ilivuka kabisa mipaka ya kujihami. Ikasema dai la Urusi kwamba Georgia ilifanya mauaji ya kimbari halikuthibitika. Ikasema Wageorgia waliokuwa wakiishi Ossetia Kusini walifukuzwa kwa sababu ya kabila lao. Ripoti moja, na waliotia sahihi ni walewale. Huwezi kuikubali asubuhi ukaikataa jioni.

Ili uelewe huo uchokozi wa muda mrefu, rudi nyuma mpaka mwisho wa Muungano wa Kisovieti. Ossetia Kusini ilikuwa mkoa wenye mamlaka yake ya ndani katika Jamhuri ya Georgia. Mwaka 1990 viongozi wake walitangaza kutaka kujitenga na Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, nayo Tbilisi ikajibu mwezi Desemba kwa kuwafutia mamlaka hayo. Vita vikafuata, vikamalizwa kwa makubaliano ya Sochi ya Juni 1992 kati ya Boris Yeltsin wa Urusi na Eduard Shevardnadze wa Georgia. Makubaliano yale yaliweka vikosi vitatu vya kulinda amani: Warusi, Wageorgia na Waossetia. Litazame hilo kwa jicho la mwanasheria. Urusi, yenye maslahi yake pale, ilipewa kazi ya mwamuzi na silaha mkononi, na kila mlinda amani wake aliyesimama pale akawa, siku atakapopigwa risasi, sababu halali ya kuliita jeshi zima. Abkhazia nayo, jimbo jingine la Georgia upande wa Bahari Nyeusi, ilipita njia inayofanana na hiyo, na baada ya mji wa Sukhumi kuanguka Septemba 1993 Wageorgia zaidi ya 200,000 walijikuta wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe.

Kwa miaka kumi hivi hali ilikaa ikiwa imeganda. Saakashvili alipoingia madarakani Januari 2004, kijana, mwenye haraka, aliyeahidi kuiunganisha nchi, barafu ikaanza kupasuka. Kiangazi cha mwaka huohuo watu walikuwa tayari wanapigana risasi Ossetia Kusini. Mwaka 2008 mambo yakaongozana kwa kasi. Februari, Kosovo ilitangaza uhuru na nchi kubwa za Magharibi zikaitambua. Moscow ikasema mlango huo ukifunguliwa kwa mmoja umefunguliwa kwa wote. Aprili, mkutano wa NATO mjini Bucharest uliitangazia Georgia na Ukraine kwamba siku moja zitakuwa wanachama, bila tarehe wala kinga yoyote wakati wa kusubiri. Naamini huo ulikuwa uamuzi mbaya kuliko kukubali moja kwa moja na kuliko kukataa moja kwa moja, kwa kuwa uliikasirisha Urusi bila kumpa Mgeorgia hata mwavuli. Wiki mbili hazijaisha, Vladimir Putin akaagiza serikali yake ianze kushughulika moja kwa moja na tawala za Abkhazia na Ossetia Kusini. Tarehe 20 Aprili droni ya Georgia ilidunguliwa juu ya Abkhazia, na waangalizi wa Umoja wa Mataifa wakahitimisha kwamba aliyeidungua ni ndege ya kivita ya Urusi. Mwishoni mwa Mei wanajeshi wa Urusi wa kikosi cha reli waliingia Abkhazia kukarabati njia ya treni. Julai, Urusi ilifanya mazoezi makubwa ya kijeshi kaskazini mwa milima ya Caucasus, jirani kabisa na handaki la Roki, ambalo ndilo barabara pekee ya kutoka Urusi kuingia Ossetia Kusini. Mazoezi yakaisha mwanzoni mwa Agosti, vikosi vingine havikurudi makambini mwao. Siku zilezile raia wa Tskhinvali walianza kupakiwa kwenye mabasi kupelekwa upande wa Urusi.

Na kuna jambo ambalo wenzako hawajawahi kulitaja. Agosti 2012 Putin mwenyewe alikiri hadharani kwamba Mkuu wa Majeshi alikuwa ameandaa mpango wa vita hivyo tangu mwisho wa 2006, kwamba yeye aliuidhinisha mwaka 2007, na kwamba sehemu ya mpango huo ilikuwa kuwafunza wanamgambo wa Ossetia Kusini. Majeshi yote huwa na mipango kabatini, hilo nakubali. Lakini mwenye mpango uliokwisha kuidhinishwa, vikosi mlimani na raia walioondolewa mapema, hawezi kusema alishtukizwa usingizini.

Kwa hiyo wale wanaosema ulikuwa mtego nao wana sehemu yao ya ukweli. Mimi nasema hivi: mtego ulikuwepo, na Saakashvili aliuingia kwa miguu yake mwenyewe. Washirika wake wa Marekani walikuwa wamemwonya asichokozeke. Kutegewa mtego hakumpi mtu ruhusa ya kupiga mji kwa Grad. Na mwenzako kuingia mtegoni hakukupi ruhusa ya kuchoma vijiji vyake.

Hapo ndipo ubishi wenu ulipopotea njia. Mmefanya kana kwamba kuna swali moja, nani alianza, na kwamba jibu lake linafunga kila kitu. Sheria haiko hivyo, nawe uko mwaka wa tatu, unatakiwa ulione. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inampa aliyeshambuliwa haki ya kujihami. Haki hiyo ina mipaka miwili: ulazima na uwiano. Ulazima unauliza kama palikuwa na njia nyingine ya kulizima shambulio. Uwiano unauliza kama ulichofanya kinalingana na kulizima shambulio hilo, wala hauulizi kama umekasirika kiasi gani. Maswali hayo mawili yanaulizwa saa kwa saa. Kilichokuwa halali tarehe 8 mchana kinaweza kuwa haramu tarehe 11.

Tazama saa zilivyokwenda. Tarehe 8 vifaru vya Jeshi la 58 la Urusi vilivuka handaki la Roki. Kufikia tarehe 10 Wageorgia walikuwa wametolewa Tskhinvali. Kama lengo lilikuwa kuwaokoa walinda amani na wakazi wa mji, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini ndege za Urusi zilikuwa zinapiga shabaha mbali na pale, Gori, Poti, Senaki, na uwanja wa mbele wa pili ukafunguliwa kutoka Abkhazia, jimbo ambalo Georgia haikulishambulia kabisa usiku ule. Bandari ya Poti iko pwani ya Bahari Nyeusi, upande wa pili wa nchi. Majeshi ya Urusi yakaingia Gori, yakakata barabara kuu inayounganisha mashariki na magharibi, yakasimama mwendo mfupi wa gari kutoka Tbilisi. Rais Dmitry Medvedev alitangaza tarehe 12 kwamba operesheni imekwisha. Nicolas Sarkozy wa Ufaransa, ambaye nchi yake ilikuwa na zamu ya uenyekiti wa Umoja wa Ulaya, akaleta mpango wa vipengele sita wa kusitisha vita, ukasainiwa tarehe 15 na 16.

Nakuomba ukae kidogo kwenye siku zilizofuata tarehe 12, maana hapo ndipo hoja ya kujihami inapokufa kabisa. Mizinga ya Georgia ilikuwa kimya. Hakuna aliyekuwa akiishambulia Urusi. Kaskazini na mashariki ya Tskhinvali kulikuwa na mlolongo wa vijiji vya Wageorgia: Tamarasheni, Achabeti, Kekhvi, Eredvi. Vilichomwa nyumba kwa nyumba, na picha za setilaiti zikaonyesha mapaa yaliyotoweka yakiacha kuta nne zimesimama. Waliochoma na kupora wengi wao walikuwa wanamgambo wa Ossetia Kusini, wakati askari wa Urusi ndio waliokuwa wanalidhibiti eneo lile. Raia wa Kigeorgia wapatao 160, sehemu kubwa wakiwa wanawake na wazee walioshindwa kukimbia, walikusanywa wakafungiwa kwa takriban wiki mbili katika chumba cha chini cha jengo la wizara ya mambo ya ndani mjini Tskhinvali. Wanaume na wanawake walikaa pamoja, vitanda havikuwatosha, na usafi haukuwepo. Bibi wa miaka sabini aliyebaki nyumbani na kuku wake hakufyatua Grad. Hoja ya “aliyeanza hana haki ya kulia” mwisho wake humwangukia bibi huyo, na ndiyo maana mimi siivumilii.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitoa hukumu yake tarehe 21 Januari 2021. Isome yote, kwa sababu ina upande usioifurahisha Georgia: kwa kura 11 dhidi ya 6 majaji walisema kwamba katika siku tano za mapigano yenyewe, tarehe 8 hadi 12, Urusi haikuwa na mamlaka juu ya eneo lile kwa maana ya mkataba wa haki za binadamu, kwa hiyo mabomu ya siku hizo hayakuhukumiwa. Mimi naona walikosea, na majaji sita waliopinga nao waliona hivyo. Lakini kuanzia tarehe 12, mahakama ilisema, Urusi ndiyo iliyokuwa na udhibiti, na inawajibika kwa mauaji ya raia, kwa kuchomwa na kuporwa kwa nyumba, kwa waliofungiwa chumba cha chini, na kwa kuwazuia waliofukuzwa wasirudi makwao.

Hesabu ya wafu nayo imekuwa silaha. Siku za mwanzo Moscow ilitangaza watu wapatao 2,000 wameuawa Tskhinvali, na tarakimu hiyo ndiyo iliyobeba neno kimbari. Baadaye wachunguzi wa Urusi yenyewe walithibitisha raia 162 wa Ossetia Kusini. Tume ya Tagliavini ilihesabu takriban watu 850 kwa pande zote: Georgia ilipoteza askari 170, polisi 14 na raia 228, Urusi askari 67, Ossetia Kusini watu 365, wapiganaji na raia kwa pamoja. Zaidi ya watu 100,000 walihama makwao. Raia 162 ni wengi mno kwa mji mdogo kama ule. Hakukuwa na haja ya kuwazidisha ili kifo chao kiwe na uzito.

Sasa hoja ya “raia wake”. Medvedev alisema siku ile ya kwanza kwamba katiba inamlazimu kulinda maisha na heshima ya raia wa Urusi popote walipo. Raia hao walitoka wapi? Kuanzia mwaka 2002, baada ya sheria mpya ya uraia, Urusi iligawa pasi zake kwa wingi Abkhazia na Ossetia Kusini, kwa watu ambao hawakuwahi kuhamia Urusi, mpaka kufikia 2008 wakazi wengi wa majimbo hayo walikuwa nazo. Sitawalaumu wakazi. Pasi ya Kisovieti ilikuwa imekufa, ya Georgia hawakuitaka, na bila pasi huwezi hata kwenda kutibiwa. Ninailaumu dola inayogawa pasi ndani ya nchi ya mwenzake, kisha inaingiza vifaru kuwalinda wenye pasi. Tume ilisema wazi kwamba uraia uliotolewa kwa wingi namna ile haukuwa halali kwa sheria ya kimataifa. Kisha Novemba 2009 Urusi ikarekebisha sheria yake ya ulinzi ili kuruhusu jeshi kutumwa nje kulinda raia, na Aprili 2019 Putin akasaini amri ya kurahisisha pasi kwa wakazi wa Donetsk na Luhansk, mashariki mwa Ukraine. Unaiona njia ilivyochongwa.

Nifike kwa babu. Hoja yake ina nguvu na haistahili kupuuzwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua, yakapora ng'ombe, daraja la Kyaka likalipuliwa, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote kaskazini ya mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, ni mali ya Uganda. Tanzania ilimtoa, kisha ikavuka mpaka, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kwa nini hili liwe tofauti?

Kwanza, Amin alishambulia Tanzania. Ardhi ya Kyaka ilikuwa ya Tanzania bila ubishi wa yeyote isipokuwa yeye. Georgia usiku ule ilipiga mji uliomo ndani ya mipaka yake yenyewe inayotambuliwa na Umoja wa Mataifa, mipaka ambayo Urusi nayo ilikuwa inaitambua mpaka tarehe 26 Agosti 2008. Ilikuwa haramu kwa sababu ya makubaliano ya Sochi na kwa sababu ya namna ilivyopiga, lakini haikupiga ardhi ya Urusi. Kitu pekee cha Urusi kilichoguswa ni kikosi chake cha walinda amani, na haki ya kukikinga kikosi haiwezi kuwa kubwa sawa na haki ya kuikinga nchi.

Pili, Tanzania haikubakiza shubiri moja ya Uganda. Haikutangaza Masaka kuwa jamhuri. Urusi wiki mbili tu baada ya vita iliyatambua majimbo yale mawili kuwa nchi huru, ikajenga humo kambi zake za kijeshi, na mpaka leo vikosi havijarudi vilipokuwa kabla ya Agosti 2008, kinyume na saini ya Medvedev mwenyewe. Nchi zilizoifuata zinahesabika kwa vidole: Nicaragua, Venezuela, Nauru, baadaye Syria; Tuvalu na Vanuatu ziliingia zikatoka. Katika Afrika nzima haikujitokeza hata moja. Viongozi wetu wanajua hesabu ya mipaka waliyoirithi, na uamuzi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1964 mjini Cairo, wa kuiheshimu mipaka hiyo, haujafutwa. Balozi wa Kenya, Martin Kimani, aliwakumbusha hilo Baraza la Usalama Februari 2022, siku Urusi ilipozitambua Donetsk na Luhansk kwa mtindo uleule, siku tatu kabla ya kuivamia Ukraine yote.

Lakini mwambie babu, kwa heshima, kwamba swali la uwiano liliulizwa kwa Tanzania pia. Julai 1979, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika mjini Monrovia, Jaafar Nimeiry wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nigeria walilalamika kwamba kumtoa Amin Kagera ni jambo moja na kuingia Kampala ni jambo jingine. Nyerere alikuwa na majibu: kwamba Umoja huo ulishindwa hata kumlaani mvamizi, kwamba Amin hakuwahi kulikana dai lake juu ya Kagera, kwamba kumwondoa ilikuwa vita ya Waganda wenyewe. Mimi naona majibu yale yanatosha. Wapo wanasheria wenzangu wasioridhika nayo. Ninachotaka ukione ni kwamba hata sisi, tuliovamiwa kweli, tulidaiwa maelezo ya kila hatua baada ya mto Kagera. Urusi nayo inadaiwa maelezo ya Poti.

Umeuliza mbona hakuna aliyeadhibiwa. Georgia ilikimbilia Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague tarehe 12 Agosti 2008, ikitumia mkataba unaopinga ubaguzi wa rangi kwa kuwa haikuwa na mlango mwingine wa kuingilia. Aprili 2011 majaji wakasema hawana mamlaka. Katika Baraza la Usalama Urusi ina kura ya turufu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilifungua uchunguzi Januari 2016, na ilipofika Juni 2022 ikatoa hati za kuwakamata watu watatu waliokuwa maofisa wa utawala wa Ossetia Kusini, kwa makosa ya kuwafungia na kuwatesa raia. Hakuna hata mmoja aliyefikishwa mbele yake. Kwa Tskhinvali hakuna kamanda wa Georgia aliyepandishwa kizimbani huko, na hilo nalo ni deni. Ndani ya Georgia mjadala umegeuka fimbo ya kisiasa: Septemba 2024, akiwa katika kampeni mjini Gori, bilionea Bidzina Ivanishvili, mwenye nguvu katika chama tawala, alizungumzia kuwaomba radhi Waossetia kwa vita ambavyo anamtwika Saakashvili. Kuomba radhi kwa Tskhinvali ningekuunga mkono, kama kusingekuwa njia ya kunyamazia Eredvi.

Iliyobaki ni Mahakama ya Ulaya, ambayo tarehe 28 Aprili 2023 iliiamuru Urusi ilipe fidia ya takriban euro milioni 130 kwa waathirika. Urusi ilikuwa imeshatolewa katika Baraza la Ulaya, chombo chenye mahakama hiyo, Machi 2022 kwa sababu ya Ukraine, ila kutolewa huko hakufuti wajibu wa mambo ya 2008, na hukumu bado iko mbele ya kamati ya mawaziri wa Baraza hilo inayosimamia utekelezaji. Ukipata nafasi ya kuandika tasnifu yako, chukua hukumu ya 2021, hasa hoja za majaji sita waliopinga, uzisome sambamba na juzuu la pili la Tagliavini. Nitumie rasimu, nami nitaipitia.